Asomee nyumbani au aende shule? Nimeishi na njia zote mbili

Jioni moja binti yangu, akiwa na miaka 7, alitusomea kitabu chake cha hadithi bila kukwama hata mara moja. Ukurasa mzima, sauti ikipanda na kushuka panapostahili. Nilijawa na fahari. Kisha, bila nia yoyote mbaya, nikaweka kidole juu ya neno moja katikati ya mstari wa nne nikamuuliza, "Hili hapa linasemaje?" Akanitazama. Akarudisha macho mwanzo wa ukurasa, akaanza kuusema upya kwa kunong'ona, neno baada ya neno, kidole chake kikifuata, mpaka akalifikia lile langu. Hakuwa anasoma. Alikuwa amekihifadhi kitabu kizima kichwani kwa kuwasikiliza wenzake wakisoma kwa pamoja darasani.

Mwalimu wake hakuwa mvivu. Nalisema hilo kwa sababu mjadala huu mara nyingi huanza kwa kuwalaumu walimu. Alikuwa na watoto 53 mbele yake, na watoto 53 wanaposoma kwa sauti moja, mwenye kumbukumbu nzuri na haya nyingi anaweza kujificha humo mwaka mzima, ripoti ya muhula ikaandikwa "anajitahidi".

Tukamtoa shule. Alisomea nyumbani miaka 3, mimi nikiwa mwalimu wake, kisha akarudi. Mdogo wake wa kiume tulimwanzisha nyumbani moja kwa moja, akaingia shule akiwa na miaka 10. Kwa hiyo ninapolinganisha, nawalinganisha watoto wa tumbo moja waliozipitia njia hizi kwa mpangilio tofauti, pamoja na makosa niliyoyafanya pande zote mbili. Msimamo wangu nautoa mapema: wazazi wengi huanza kwa kujiuliza mtoto wao ni wa aina gani, wakati swali linalopaswa kutangulia ni nani hasa atakayekaa naye mezani kila asubuhi, na mtu huyo ana nini, amekosa nini.

Jicho la mwalimu

Hapa nyumbani hushinda, tena kwa mbali. Mwenye mwanafunzi mmoja huliona kosa linapozaliwa. Nilikata tundu dogo kwenye kipande cha karatasi ngumu, upana wa neno moja tu, nikawa nakiburuta juu ya mstari ili binti yangu asione kilichotangulia wala kinachofuata. Siku ya kwanza alilia. Ikaja kubainika kwamba herufi b na d kwake zilikuwa kitu kimoja, na kwamba maneno yanayoanza na konsonanti zilizobanana, kama "mbwa" au "ng'ombe", hakuwa akiyasoma kabisa bali akiyabahatisha kwa kutazama picha. Hilo lilikuwapo mwaka mzima na hakuna aliyeliona, mimi mzazi wake nikiwemo. Baada ya miezi 4 ya dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni, ile karatasi yenye tundu tukaitupa.

Jambo hili lina utafiti wake. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, aliandika kuwa mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake, asiruhusiwe kusonga mbele kabla hajaelewa, alifanya vizuri kuliko takriban asilimia 98 ya waliofundishwa kwa mtindo wa kawaida wa darasa. Tafiti zilizofuata zimepata tofauti ndogo kuliko hiyo, ila mwelekeo umebaki uleule. Angalizo ni moja, na mashabiki wa kusomea nyumbani huliruka: watoto wa Bloom walikuwa na mtu aliyejua kufundisha.

Faida hii hupunguza pia saa. Mtoto wa madarasa ya mwanzo humaliza kwa saa 2 au 3 kazi ambayo shule huitandaza siku nzima, maana hakuna kuita majina, kupanga foleni wala kusubiri daftari 53 zisahihishwe. Wazazi wanaoanza hushtuka wakiona kazi imekwisha kabla ya saa 5 asubuhi, wakadhani wamempunja mtoto. Hawajampunja.

Udhaifu wa mtu mmoja

Lakini mtu huyohuyo anayemwona mtoto vizuri ndiye pia ukuta wake, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Mimi si mtu wa hesabu. Nilijijua, nikajiandaa, nikatafuta vitabu vya kiada viwili badala ya kimoja. Nisichokijua ni kwamba nilikuwa nalikwepa somo lenyewe. Tulipofika kwenye hesabu za sehemu, yaani nusu, robo na nyinginezo, nilimfundisha mwanangu wa kiume kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Kwenye kugawanya nikampa kanuni niliyokaririshwa mimi mwenyewe: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Akauliza, "Kwa nini tunaigeuza, Mama?" Nikamwambia tutarudi hapo. Hatukurudi. Mwezi mmoja baadaye nilipopekua daftari zake nikakuta insha 11, na kurasa 3 tu za hesabu. Ratiba niliyoipanga kwa mkono wangu ilikuwa imeinama taratibu kuelekea upande ninaoupenda, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Aliyetuokoa ni kaka yangu, aliyekuja kututembelea akamkuta mtoto ameduwaa mbele ya swali. Alichana utepe wa karatasi, akaukunja katikati. "Mjomba, hii ni nusu. Ndani yake zimo robo ngapi?"

Mtoto akakunja tena, akahesabu. "Mbili, Mjomba."

"Basi nusu ukiigawanya kwa robo unapata ngapi?"

Alinitazama mimi kabla ya kujibu. Nililielewa lile jicho. Jibu lilikuwa jepesi kiasi hicho, na mimi nilimnyima kwa wiki nne kwa kuwa sikuwa nalo.

Shuleni jambo kama hili hutokea pia, tena mara nyingi. Tofauti ni kwamba mwalimu dhaifu wa hesabu mwaka huu hubadilika mwakani, na hata mwaka huuhuu kuna mwenzake wa chumba cha pili anayeweza kuulizwa. Nyumbani mwalimu ni yuleyule miaka yote, na asilolijua linazidi kupanuka kadiri mtoto anavyopanda darasa. Mwaka 2013 Robert Kunzman na Milton Gaither walipitia tafiti nyingi za elimu ya nyumbani, wakaona dalili kuwa watoto hawa hufanya vyema kwenye kusoma na lugha kuliko kwenye hesabu. Niliposoma hayo, niliziona daftari zangu.

Upo pia utafiti mdogo wa Kanada, wa mwaka 2011, uliolinganisha watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule. Waliosomea nyumbani kwa mpangilio, yaani kwa mtaala, vitabu na malengo, waliwapita wenzao wa shule. Wale wachache walioachwa wajifunze wapendavyo bila mpangilio wowote walikuwa chini ya wote. Ni watoto wachache, hauwezi kubeba hukumu kubwa. Lakini unakubaliana na nilichokiona kwa familia nilizozifahamu: "kusomea nyumbani" ni jina moja linalofunika mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kuelewa, na kumaliza kwa wakati

Mwanangu alipoingia shule alikuwa anajua mengi kuliko wenzake wengi. Mtihani wake wa kwanza alipata alama 31 kwa 100. Nikaomba kuiona karatasi. Maswali 3 ya mwanzo yote sahihi, yameelezwa kwa ukamilifu, yamepigiwa mstari. Swali la 4 limefutwa, limeandikwa tena, limefutwa, limeandikwa tena. Kuanzia la 5 hadi la mwisho, karatasi nyeupe.

Nikamuuliza kwa nini hakuliruka lile la 4. Akashangaa kweli. "Kumbe unaruhusiwa kuliacha?"

Kwa miaka yote ile nyumbani hatukuwahi kuondoka kwenye jambo kabla hajalielewa. Hiyo ndiyo nguvu ya nyumbani na naiheshimu mpaka leo. Lakini haikumfundisha kupima muda, kuacha kitu nusu, kurudi baadaye, kuweka kalamu chini mtu akisema "muda umekwisha". Shule hufundisha hayo bila kuyaandika popote kwenye ratiba. Ilimchukua mihula 2 kuzoea. Ukiwa nyumbani, basi, weka saa mezani angalau mara moja kwa wiki, mpe karatasi yenye maswali mengi kuliko anavyoweza kumaliza, na mtihani huo asimamie mtu mwingine asiye wewe.

Dada yake alikuwa na tatizo la upande wa pili. Shule ilimzoesha kusonga mbele na kundi huku nyuma kumebaki mashimo, na alipokuja nyumbani ilibidi kwanza tumwondolee ile haraka ya kusema "nimeelewa" ili tu asionekane amebaki.

Wenzake

Kila mtu atakuuliza kuhusu marafiki, na jibu lililozoeleka ni kuorodhesha michezo, vikundi na binamu. Jibu hilo ni la kweli. Watoto wangu hawakukosa wa kucheza nao.

Walichokikosa ni kitu kingine: watu ambao hawakuchaguliwa. Nyumbani, kila mtoto aliyekutana na mwanangu alikuwa amepita kwanza kwenye ungo wangu. Familia nilizozipenda, wazazi tuliofikiri karibu sawa. Shuleni akakalishwa dawati moja na mtoto asiyempenda, anayechezea rula yake bila kuomba, na hakuna mama wa kwenda kuzungumza na mama mwenzake. Wiki ya kwanza alirudi na hasira. Mwezi wa tatu alikuwa amejua namna ya kusema "rudisha" bila kulia wala kupigana, na yule mtoto wa rula akawa mshirika wake kwenye kazi za kundi. Hilo singeweza kumpangia.

Upande wa pili siupunguzii uzito. Kama mtoto anaonewa, anapigwa, anachekwa kwa ulemavu au kigugumizi chake, na shule imeambiwa mara mbili au tatu isichukue hatua, usimbakize pale kwa jina la "ajifunze maisha". Kuonewa kila siku hakumkomazi mtoto, kunamfundisha kujikunyata. Hapo kumtoa ni sahihi hata kama hujajiandaa na mtaala. Utajiandaa akiwa salama.

Mzazi mwenyewe

Kwa anayetazama kutoka nje, mzigo huu ni kanda la usufi. Mtoto mmoja, meza moja, saa 3, kuna nini? Mbali na kufundisha kuna kuandaa, kusahihisha, kutafuta vitabu, kuweka kumbukumbu, na kuzifanya kazi za nyumba ambazo hazikwendi popote kwa sababu mtoto yupo. Nilipunguza kazi ya kipato kwa nusu. Baba yao alibeba pengo hilo, na kuna miezi tulizungumza kuhusu hesabu za nyumba tu na si jambo jingine. Kama wawili hamkubaliani kwa dhati, mmoja akaenda shingo upande, jambo hili litawachosha kabla ya mwaka kuisha. Kwa mzazi anayelea peke yake na kufanya kazi siku nzima, shule nzuri ya kawaida, pamoja na dakika 30 za kukaa na mtoto jioni, humpa mtoto mengi kuliko masomo ya nyumbani yanayofanywa kwa macho ya usingizi.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Siku moja tumegombana juu ya mwandiko, tukala kimya, na jioni binti yangu akaja kuniuliza, "Sasa hivi wewe ni mama au mwalimu? Nina jambo la kumwambia mama." Tangu siku ile tulikuwa na alama: vitabu vikishafungwa na meza kufutwa, mwalimu ameondoka, na yaliyotokea darasani hayaongelewi mpaka kesho. Ilisaidia, ingawa si kila siku. Mtoto wa shule akigombana na mwalimu, ana pa kukimbilia. Wa nyumbani anahitaji atengenezewe mahali hapo.

Sheria, kwa kifupi

Kabla ya yote jua sheria ya nchi unayoishi, maana zinapishana sana. Marekani kusomea nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila masharti hutofautiana: kuna jimbo linalotaka mitihani na kumbukumbu, na kuna lisilokuuliza lolote. Uingereza sheria inalazimisha elimu, hailazimishi shule. Ufaransa iliyokuwa ikitaka taarifa tu, tangu mwaka wa masomo wa 2022 inataka kibali. Uswidi hairuhusu isipokuwa kwa sababu za kipekee, na Ujerumani hudai mtoto afike shuleni. Familia iliyolipeleka suala hilo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataliwa mwaka 2006. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 limeweka mambo yote mawili kwenye ibara moja, ya 26: elimu ya msingi iwe ya lazima, na wazazi wawe na haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Nchi zimechagua kila moja upande wa kuuegemea.

Kama nchi yako sheria iko kimya, usiuchukulie ukimya huo kuwa ruhusa. Uliza kwa maandishi, utunze jibu. Uliza pia kuhusu mitihani ya taifa: je, mtoto anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na masomo ya sayansi yenye mazoezi ya maabara atayafanyia wapi? Swali hilo la maabara limewarudisha shuleni watoto wengi kuliko hoja zote nilizoandika hapa.

Jinsi ya kupima kabla ya kuamua

Watu wengi husema, "Nilijaribu wakati shule zimefungwa mwaka 2020, nikashindwa." Ule haukuwa mfano. Zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani walirudishwa majumbani kwa ghafla, kazi zikitumwa na shule, wazazi wakiwa na hofu na kazi zao mezani. Wapo walioipenda hali hiyo: takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani zilionyesha kaya zinazosomesha nyumbani, kati ya zenye watoto wa umri wa shule, zikipanda kutoka asilimia 5.4 katika majira ya kuchipua ya mwaka huo hadi 11.1 miezi michache baadaye. Lakini si kwa hali ile unayoweza kujipima, iwe ulifaulu au ulishindwa.

Jipime kwenye likizo. Wiki 3 mfululizo, saa ileile, masomo yote na si yale unayoyapenda. Andika kila jioni mstari mmoja: nini kilifanyika, nini kilikwepwa, nani alikasirika kwanza. Wiki ya kwanza itakudanganya kwa uzuri wake. Tazama ya tatu. Ukikuta somo moja limeruka mara nyingi, tafuta kwanza mtu wa kulishika hilo, awe ndugu, mwalimu wa tuisheni au mzazi mwenzako wa familia nyingine mtakayebadilishana masomo. Kama hapatikani, mtoto abaki shule.

Na kama hofu yako ni kama ile niliyokuwa nayo mimi, kwamba mtoto amefichika darasani, fanya lile jaribio la kidole na karatasi yenye tundu kabla hujabadilisha chochote. Pengine anahitaji miezi 4 ya dakika 40 kwa siku huku akiendelea na shule yake. Nikirudishwa nyuma na niliyoyajua baadaye, binti yangu ningeanza naye hivyo, na ningemtoa tu kama ingeshindikana. Mdogo wake ningemwanzisha nyumbani tena bila kusita, ila ningempeleka shule akiwa na miaka 8 badala ya 10, kabla sehemu hazijanifikia.

Ukishaamua kumtoa, nenda kwa mwalimu mkuu ukaulize namna ya kurudi, siku hiyohiyo unayoaga. Mimi sikuuliza. Miaka 3 baadaye shule tuliyomrudisha ilitaka kumweka binti yangu darasa la nyuma kwa kuwa hakuwa na ripoti hata moja. Kilichobadilisha mawazo yao ni sanduku la daftari zilizoandikwa tarehe kila ukurasa. Mwalimu mkuu alizipekua moja moja, akafika kwenye kurasa za mwanzo zilizojaa b zilizogeuka d, akatulia hapo muda mrefu kuliko kwenye kurasa nzuri. Kisha akaniambia, "Mama, hizi za mwanzo umefanya vyema kutozichana. Bila hizi nisingejua ametoka wapi." Akachukua kalamu akaandika jina la binti yangu kwenye rejista ya darasa la rika lake.